Kachumbari Kwanza: Mwongozo Kamili wa Mvinyo wa Msimu Kutoka Mashamba Madogo, kwa Meza ya Nairobi

Jumapili moja ya Februari nilimwalika shemeji yangu nyumbani South B. Mbavu za mbuzi nilikuwa nimezitoa soko la Burma asubuhi, makaa yalikuwa yameshika vizuri, na mezani palikuwa na chupa ya Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu mzito, ya Stellenbosch huko Afrika Kusini, niliyoitunza karibu mwaka mzima nikingoja siku yenye maana. Shemeji akapiga funda la kwanza na kipande cha nyama alichokichovya kwenye chumvi, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akajipakulia kachumbari: nyanya, kitunguu, dania, pilipili mbuzi, na ndimu mbili nzima zilizokamuliwa juu yake. Akanywa tena. "Shem, hii imegeuka siki," akasema. Chupa ikakaa hapo hadi jioni, yeye akamalizia na soda.

Chupa haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa langu, kwa kuchagua mvinyo nikiangalia nyama. Tangu siku hiyo nachagua kwa kuangalia kilicho pembeni mwa nyama, halafu naangalia nje ya dirisha: ni jua la Januari, mvua ya Aprili au kibaridi cha Julai? Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na umeegemea mashamba madogo ya familia kwa sababu mvinyo wao ndio unaobadilika kweli na mwaka. Kiwanda kikubwa huchanganya matangi hadi chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Familia yenye ekari chache haina pa kuficha mwaka wa mvua nyingi.

Nitaandika "mvinyo". Baa nyingi za mjini ukiomba mvinyo watakutazama mara mbili, sema waini. Ukisema divai utaulizwa kama unatoka misa.

Hatua ya 1: Elewa kwamba tunapata mavuno mapya mara mbili

Kusini mwa dunia zabibu huvunwa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili hivi. Mvinyo mweupe mwepesi na ule wa waridi, roze, hutiwa chupani katikati ya mwaka, ukapanda meli Cape Town kuja Mombasa, na kuanzia Septemba au Oktoba unaanza kuonekana kwenye rafu za Nairobi. Kaskazini mambo yamepinduka. Ufaransa, Italia na Ujerumani huvuna kati ya Agosti na Oktoba, mvinyo mweupe hutiwa chupani majira yao ya kuchipua, na huku hutufikia wakati sisi tumevaa masweta. Mwekundu wa kukaa kwenye pipa hauna haraka hiyo, unaweza kuchukua mwaka au miwili kabla haujaiona chupa.

Kwa hiyo ukiwa dukani Oktoba na ukaona Sauvignon blanc ya Afrika Kusini yenye tarakimu za mwaka huu huu, hiyo ni mbichi, chukua. Ukiambiwa kuna nyeupe ya kawaida ya Ufaransa yenye mwaka huo huo, muuzaji amechanganya chupa zake, maana zabibu zenyewe ndio kwanza zimetoka shambani. Anayejulikana zaidi kwa kukimbia hivyo ni Beaujolais Nouveau, mvinyo mwekundu wa zabibu za Gamay unaotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Siku hiyo iliwekwa mwaka 1985. Kabla ya hapo ilikuwa tarehe 15 Novemba. Zabibu zake huchachushwa zikiwa nzima, bila kupondwa, ndani ya hewa ya kabonidayoksaidi, na ndiyo maana unanukia ndizi na peremende na hauna ukakasi mwingi. Watu wa kujua sana huucheka. Mimi naupenda uliopozwa kidogo, na nitarudi kwake tukifika kwenye mutura.

Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeupangia msimu ni mkulima, kwa mkasi: akipogoa, mti unaanza upya. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kilimo hicho kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, na aina nyekundu inayojulikana huko ni Makutupora. Kwetu, Naivasha kuna mizabibu inayotoa mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kile kichaka cha majani ya kijivu yenye harufu kinachojaa Bonde la Ufa. Marehemu Richard Leakey naye alikuwa na shamba la zabibu nyekundu za Pinot noir ukingoni mwa bonde, upande wa Ngong. Ukipata chupa ya huku kwetu au ya Dodoma, muulize muuzaji mavuno ni ya mwezi gani, si mwaka tu. Mara nyingi hajui. Swali lenyewe humfanya aende kuuliza.

Hatua ya 2: Isome lebo ya nyuma kabla ya ya mbele

Lebo ya mbele huchorwa ili ikuvutie. Picha ya mzee mwenye kofia na jumba la mawe haithibitishi kwamba kuna familia yoyote. Tafuta maneno haya.

Kwenye chupa ya Ufaransa, "mis en bouteille au domaine" au "au château" maana yake mvinyo umetiwa chupani pale pale shambani. Ya Kijerumani huandikwa "Gutsabfüllung". Ya Kiitaliano, "imbottigliato all'origine". Kwenye Champagne kuna herufi mbili ndogo mno, utahitaji tochi ya simu: RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, NM ni nyumba inayonunua zabibu za wengine. Hakuna mahali pengine ambapo herufi mbili zimeniokolea pesa nyingi hivyo.

Kwa Afrika Kusini, "Estate Wine" maana yake zabibu zimekuzwa, mvinyo umetengenezwa na umetiwa chupani kwenye shamba linaloendeshwa kama kitu kimoja. Ukiona muhuri wa Old Vine Project, mradi wa huko wa kulinda mizabibu mizee, mizabibu ina miaka 35 au zaidi na mwaka iliyopandwa umeandikwa hapo hapo. Mzabibu mzee huzaa kidogo, lakini hicho kidogo kina uzito mdomoni. Na mwaka ukiandikwa mbele, sheria ya huko inataka angalau asilimia 85 ya mvinyo itoke mavuno ya mwaka huo.

Familia zenyewe hazifanani. Akina Myburgh wa Meerlust, Stellenbosch, wameshika shamba lao tangu 1756, kizazi cha nane sasa. Ntsiki Biyela, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa mtengenezaji mvinyo Afrika Kusini, alianza mwenyewe na kuuita mvinyo wake Aslina, jina la bibi yake. Wote ni wa familia, mmoja amerithi shamba na mwingine amerithi jina la bibi. Kwa hiyo ninapouliza udogo siulizi umri. Nauliza: aliyechuma zabibu na aliyeamua siku ya kuzichuma ni watu wanaokula meza moja?

Kifuniko cha kuzungusha, kwa njia, si dalili ya rahisi. Kwa mvinyo mweupe wa kunywewa mapema mimi nakipendelea, kwa sababu hakiwezi kutia ile harufu ya katoni iliyolowa ambayo kizibo cha gome la mti hutia mara moja moja.

Hatua ya 3: Nunua kama unanunua samaki

Samaki unamwangalia macho. Chupa unaiangalia mahali ilipokaa.

Niliwahi kununua chupa sita kwa bei ya kuvutia kwenye duka fulani lenye dirisha kubwa linaloelekea magharibi. Nilifurahi sana hadi nilipofika nyumbani nikaona kwenye chupa mbili kizibo kimeinuka kidogo na pana utomvu unaonata chini ya karatasi. Nikafungua moja: zambarau zilizochemshwa hadi zikasahaulika jikoni. Jua la jioni lilikuwa limezipika zote sita, moja baada ya nyingine, kila siku saa kumi. Muuzaji akaniambia hizo ndizo ladha za mashambani. Sikurudishiwa.

Mashamba madogo mengi hutia dawa kidogo ya kuhifadhi na hayachuji sana, kwa hiyo mvinyo wao huumia kwa joto upesi kuliko ule wa kiwandani. Pitisha kidole juu ya chupa: ikiwa ina joto kuliko kiganja chako, iache. Angalia kimo cha mvinyo shingoni. Ukiwa umeshuka kuliko chupa za jirani, iache. Muulize muuzaji nani ameagiza na kontena lilikuja na ubaridi au la, maana safari ya kutoka bandarini Mombasa hadi Nairobi mwezi wa Machi si mchezo. Kisha toa simu, piga stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA. Isipotambulika, ondoka, hata kama lebo inasema Bordeaux.

Ukisafiri mwenyewe kwenda Cape Town, forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu mzima kuingiza lita 2 za mvinyo bila ushuru. Hizo ni chupa mbili za kawaida na kidogo juu. Zifunge ndani ya jinzi, si ndani ya shati.

Nyumbani, usiweke chupa juu ya friji. Najua kila nyumba ina chupa juu ya friji. Pale pana joto la injini na mtikisiko usiku kucha. Mimi nina katoni chini ya kitanda cha chumba cha wageni, chupa zenye kizibo cha gome zimelazwa, za kifuniko zimesimama, na pazia halifunguliwi. Wageni wameshazoea.

Hatua ya 4: Ielewe sahani kabla ya kuchagua chupa

Hapa ndipo penye kazi. Mambo manne yanaamua.

Tanini ni ule ukakasi unaokausha ulimi, sawa na chai ya rangi iliyokolea au ndizi ambayo haijaiva. Mafuta, nyama na chumvi huulainisha. Ndiyo maana mbuzi choma wa Kariokor, anayekuja kwenye ubao na kilima kidogo cha chumvi pembeni bila kitu kingine, hukaa vizuri na mvinyo mwekundu mzito.

Uchachu wa chakula lazima uzidiwe na uchachu wa mvinyo. Ndimu ikishinda, mvinyo unakuwa maji au unakuwa siki. Hilo ndilo lililomkuta shemeji.

Pilipili haipendi kileo. Kileo huwasha moto wa pilipili, na tanini huongeza kuni. Utamu kidogo hutuliza, na ubaridi hutuliza.

Uchungu huongeza uchungu. Managu na tanini mdomoni mwa mtu mmoja ni ugomvi. Ila managu zilizochemshwa kwa maziwa, kama wanavyofanya kina mama wengi wa magharibi, zinapokelewa vizuri na Chenin blanc, mvinyo mweupe, iliyokaa kidogo kwenye pipa.

Sasa tuzunguke mwaka.

Kiangazi, Januari na Februari. Jua linachoma, nyama choma ni kila wikendi, na rafu bado zina mvinyo mpya wa Afrika Kusini uliofika mwisho wa mwaka. Chukua Chenin blanc. Afrika Kusini ina mashamba mengi ya Chenin kuliko nchi nyingine yoyote, na wazee huko waliiita Steen. Ina uchachu wa kutosha kuikabili ndimu, ina mwili wa kutosha kusimama na mafuta ya mbavu, na haina ukakasi wa kugombana na pilipili. Nilimfungulia shemeji mwezi uliofuata. Alijaza kachumbari sahani nzima, akanywa, akanyamaza, akajimiminia mwenyewe. Kwa mtu anayesisitiza kwamba nyama bila mwekundu si nyama, mpe Cinsault au Gamay, nyepesi, iliyokaa friji nusu saa. Samaki mzima wa kukaanga na ugali na sukuma wiki hutaka Sauvignon blanc. Ule unukiaji wa majani mabichi na sukuma ni ndugu. Usimpe samaki mvinyo mwekundu wenye tanini, utaonja kama umelamba sarafu.

Januari pia ni embe. Embe lililoiva na pilipili ya unga na chumvi, vile wanavyouza vijana kwenye vikombe vya plastiki stendi, tafuta Riesling, nyeupe ya bonde la Mosel huko Ujerumani, ya daraja jepesi la Kabinett. Kileo chake mara nyingi ni asilimia 8 au 9 tu, ina utamu kidogo na uchachu mkali. Ni chakula cha mchana cha mtu asiye na kazi jioni.

Masika, Machi hadi Mei. Matope, foleni, umeme unapotea. Watu wanakaa ndani na sufuria zinakuwa kubwa: maharagwe ya nazi, ndengu, matumbo, chapati. Ndengu na chapati ni nzito na zina udongo ndani yake, na mvinyo unaozifaa ni mwekundu wa wastani usio na mbao nyingi: Grenache, au Pinotage iliyotengenezwa kwa mkono mwepesi. Pinotage ni mtoto wa Pinot noir na Cinsault, alizaliwa Stellenbosch mwaka 1925 mikononi mwa Abraham Izak Perold. Watengenezaji wabaya humchoma pipani hadi anuke kahawa. Wazuri humwacha anukie zambarau. Matumbo ya kukaanga na nyanya na dania yanataka uchachu, rudi kwa Chenin. Bhajia za viazi na chatini ya ukwaju, mvua ikigonga mabati, hizo nazipa mvinyo wa mapovu. Mapovu hukata mafuta kama sabuni ikatavyo sufuria, na chumvi ya bhajia huyafanya yaonekane matamu. Si lazima Champagne. Tafuta neno Cap Classique, ni njia ile ile ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa. Simonsig, shamba la familia ya Malan, ndilo lililoanza huko Afrika Kusini na mavuno ya 1971.

Baridi, Juni hadi Agosti. Huu ndio msimu wangu. Mawingu hayaondoki, usiku kipimo hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na sebule yako imegeuka ghala la mvinyo bila kulipia. Sasa toa zile nzito. Mukimo na nyama ya ng'ombe iliyochemka polepole na karoti hustahili Syrah au ile Cabernet niliyoidhalilisha Februari. Pilau ya mbuzi yenye bizari nyembamba, mdalasini na karafuu hupendana na mwekundu wa mchanganyiko wa Grenache na Syrah, mtindo wa bonde la Rhône huko Ufaransa, kwa sababu viungo viko pande zote mbili. Lakini kumbuka sharti: kachumbari ya pilau iwe ya kitunguu na nyanya tu, ndimu ikae mezani kila mtu ajikamulie. Hilo moja litaokoa chupa yako.

Julai na Agosti mahindi mabichi yanaanza kujaa mjini. Mahindi ya kuchoma, ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, kando ya barabara, moshi machoni. Mimi hununua matatu, nikaenda nayo nyumbani ndani ya maganda yake, nikafungua nyeupe mpya ya Ulaya iliyotua wiki hizo: Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno, nyepesi, ina mchomo mdogo ulimini. Chumvi, moshi, ndimu, na ile baridi ya glasi. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa vya meza na sikupata kinachoizidi.

Mutura ina sehemu yake hapa. Utumbo uliojazwa nyama, damu na viungo, umechomwa hadi ngozi inapasuka, mchuuzi anaukata vipande juu ya ubao na kisu kisichopumzika. Damu na nyama zinataka mwekundu, pilipili inakataa ukakasi. Jibu ni Gamay, na Novemba ikifika jibu ni Beaujolais Nouveau, iliyopozwa. Wafaransa wenyewe hunywa na soseji. Ukipenda pilipili manga zaidi ya pilipili kali, Syrah ya sehemu za baridi inafaa kuliko yote. Mutura wenyewe haukai, ukanunue umeshafungua chupa, si kabla.

Vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua fupi, mvinyo mpya unafika kutoka kusini, na Desemba wageni hawaishi. Nunua Oktoba na Novemba kabla bei haijavaa kofia ya Krismasi. Kuku kienyeji wa kuchemshwa kisha kuchomwa huelewana na Chardonnay au Chenin ya mizabibu mizee. Wanaokuja kutoka Pwani wakiwapikia samaki wa kupaka, tui zito na ndimu na manjano, usitoe nyeupe nyembamba itakayozama kwenye nazi. Toa Viognier au Chenin nene. Biriani yenye pilipili na zabibu kavu huhitaji kitu chenye utamu kidogo na manukato, kama Gewürztraminer. Mwisho wa mlo, kaimati zikiwa bado zina moto, toa nyekundu tamu ya Dodoma. Kuna Wanairobi wanaoibeza eti ni ya altare. Kanuni ya vitamu ni moja tu: mvinyo uwe mtamu kuliko kitafunwa, na ile nyekundu ya Dodoma inaitimiza bila taabu.

Hatua ya 5: Poza sawasawa, fungua polepole

Mapovu yanywewe kwenye nyuzi 6 hadi 8, nyeupe nyepesi 8 hadi 10, nyeupe nene 11 hadi 12, nyekundu nyepesi 13 au 14, nyekundu nzito 16 hadi 18. Wanaosema mwekundu unywewe "joto la chumba" hawakuwa na chumba cha Nairobi mwezi wa Februari, kinachofika 26. Wakati huo hata nyekundu nzito iingie friji dakika 20. Julai itoe kabatini uinywe ilivyo.

Umeme ukipotea, karai, barafu, maji hadi shingoni mwa chupa na konzi moja ya chumvi. Dakika 15 zinatosha. Barafu peke yake bila maji hupoza upande unaogusa tu.

Kuhusu mapovu, kumbuka uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, hivyo povu huinuka kwa fujo zaidi. Poza hadi iwe baridi kweli, ondoa waya huku kidole gumba kikiwa juu ya kizibo, inamisha chupa kidogo, shika kizibo usikiachie, na zungusha chupa. Sauti iwe ya mtu anayepumua, si ya bunduki. Dari yangu ina alama ya mwaka mpya mmoja.

Glasi, jaza theluthi. Si ubahili, nafasi iliyobaki ndiyo inayoshika harufu.

Hatua ya 6: Fanya jaribio la visahani vitatu

Kabla ya kualika watu, kaa wewe na mwenzako jioni ya katikati ya wiki. Weka visahani vitatu: kimoja kina chumvi na kipande cha ndimu, kingine pilipili iliyokatwa na nyanya, cha tatu kipande kidogo cha nyama yenye mafuta. Mimina mvinyo mmoja tu. Onja peke yake, kisha baada ya kila kisahani, na funda dogo la maji katikati. Utashangaa chupa moja inavyokuwa vinywaji vinne. Baada ya ndimu na chumvi, mwekundu mkali huwa mpole ghafla na mwembamba. Baada ya pilipili, ule ule unachoma koo. Andika kwenye daftari kwa maneno yako: "umechacha", "umelala", "unakwaruza". Maneno ya vitabuni kama ngozi ya farasi na penseli iliyochongwa waachie wenye farasi. Mimi Syrah moja niliandika "moshi wa jiko la shangazi Kitui", na hadi leo najua ni ipi.

Chupa iliyofunguliwa irudishe kizibo na uiweke friji, hata ikiwa nyekundu. Nyeupe itakaa siku tatu, nyekundu mbili au tatu, ya mapovu kesho yake basi. Aliyekunywa asiendeshe, alkoblo, kile kipimo cha pombe cha polisi, haiulizi kama ulikunywa Old Vine. Hesabu ya teksi iingie kwenye bei ya chupa tangu mwanzo.

Mvinyo unaobaki baada ya siku hizo unafaa kupikia, nusu kikombe kwenye mchuzi wa nyama, uchemke bila kufunikwa hadi harufu ya kileo iishe. Hata hivyo mama mkwe wangu ni Msabato, na jirani wa mlango wa pili ni Mwislamu ambaye watoto wake hula kwetu bila kubisha hodi. Kwa hiyo siku nikitia mvinyo sufuriani nasema wazi kabla hata kijiko hakijashuka, sufuria ya pili inakuwa pembeni, na mezani pana jagi la maji ya ukwaju yenye tangawizi, yaliyopozwa sawa na Chenin. Linaisha kabla ya chupa kila mara.